Pasi ya mwezi kutoka Usagara hadi mjini Mwanza: jinsi ya kuipanga nauli yako

Ukiishi Usagara, Nyashishi au Fela na kazi yako iko mjini Mwanza, nauli ni kodi ya pili ya nyumba. Kodi yenyewe unailipa kwa mkupuo na kiasi chake unakijua. Nauli inatoka kidogo kidogo, asubuhi na jioni, hadi tarehe 18 unajiuliza mshahara umekwenda wapi.

Mimi ni mtunza hesabu katika duka la jumla karibu na Makoroboi. Pia ni mweka hazina wa kikundi cha wasafiri tunaopanda pamoja asubuhi njia panda ya Usagara: wauguzi, mafundi cherehani, wauza duka, mwalimu mmoja. Njia yetu haina pasi ya mwezi, yaani kulipa nauli ya mwezi mzima kwa mkupuo. Tumejitengenezea wenyewe, na nataka uelewe inavyofanya kazi ili nawe uanzishe ya kwenu, iwe unatoka Kisesa, Igoma au Buhongwa.

Anza na daftari kabla hujaongea na konda yeyote. Kwa wiki mbili andika kila shilingi inayokutoka kuanzia mlangoni kwako hadi mlangoni mwa kazi, na kurudi. Nauli ya daladala peke yake haitoshi. Andika bodaboda ya kukutoa ndani hadi barabara ya lami. Andika nauli ya kuunganisha siku gari lililoandikwa Usagara lilipogeuzia Buhongwa na mkateremshwa gizani. Andika chenji uliyomwachia konda kwa sababu “hamsini hakuna, mama”. Andika mchomoko, yaani gari dogo la mtu binafsi linalobeba abiria, uliopanda siku ya mvua kwa bei aliyoitaja mwenye gari.

Wengi wakimaliza wiki hizo mbili wanakuta kwamba daladala siyo inayowamaliza. Kinachowamaliza ni bodaboda na kuunganisha. Nauli ya daladala inapangwa na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, na unaweza kuidai. Mwezi Desemba 2023, kwa mfano, nauli ya mjini kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600, na mwanafunzi akabaki kwenye 200. Bei hiyo ilitangazwa na kila mtu aliisikia. Bodaboda wa mtaani kwako hana bei iliyobandikwa popote, na kama anakuchukua kwa 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, huenda unamlipa sawa na unavyolipa gari linalokupitisha Buhongwa, Mkolani, Nyegezi na Mkuyuni hadi mjini. Basi ukitaka kupunguza gharama, anza na yeye. Boda anayekaa kijiweni karibu na kwako anapenda mteja wa uhakika wa asubuhi, kwa sababu saa 11 na nusu hana watu wengi. Mwambie: “Kaka, nitakuwa wako kila siku ya kazi, nakulipa kila Jumamosi, tufanye 700.” Mara nyingi anakubali. Akikataa, tafuta majirani wawili wanaotoka wakati mmoja na wewe mchukue bajaji.

Sasa siku. Hapa ndipo pasi ya mwezi inapomwumiza mtu ambaye hakupiga hesabu. Tuchukue mfano: nauli 1,200 kwa safari moja, kwenda na kurudi 2,400. Ukifanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, utasema mwezi una siku 26, kwa hiyo 62,400. Mwenye gari akikwambia “nipe 58,000 kwa mwezi”, unaona umeokoa 4,400. Lakini fungua kalenda. Toa sikukuu, toa siku ya kumpeleka mtoto kliniki, toa msiba. Ukibaki na siku 23, kwa kulipa kila siku ungetoa 55,200. Ile pasi ya “unafuu” imekula 2,800 zako. Kanuni ni rahisi: gawanya bei ya pasi kwa gharama yako ya siku moja. 58,000 kwa 2,400 ni 24 na ushee, maana yake unaanza kufaidi siku ya 25. Je, mwezi huo utasafiri siku 25? Kama jibu ni hapana, usilipe.

Mwezi wa nne ndio wa kuuangalia sana. Kuna Karume Day tarehe 7, kuna Muungano tarehe 26, na mara nyingi Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka zinaangukia humohumo. Desemba nayo ina tarehe 9, 25 na 26. Bei ya pasi inayokufaa Septemba inaweza kuwa hasara Aprili.

Hesabu hii wanaifanya hata wenye reli kubwa. Uingereza, ambako mfanyakazi hununua tiketi ya treni ya mwaka mzima, bei yake ni sawa na tiketi 40 za wiki. Mwaka una wiki 52, hivyo msafiri anahesabu kwamba amepewa wiki 12 bure. Lakini likizo ya kisheria huko, sikukuu zikiwemo, ni wiki 5.6. Karibu nusu ya zile wiki 12 asingesafiri hata hivyo. Baada ya korona watu wengi wakawa wanafanyia kazi nyumbani siku kadhaa za wiki, na tiketi ya mwaka ikageuka mzigo. Juni 2021 ikaletwa tiketi nyingine ya siku 8 za safari ndani ya siku 28. Msafiri asiyekwenda kila siku hakuwa na sababu ya kulipia siku zote, na ilibidi tiketi imfuate yeye.

Ila msafiri wa huko ana jambo moja ambalo sisi hatuna. Akilipa fedha ya mwaka, anailipa kampuni ambayo kesho asubuhi ipo. Treni ikichelewa dakika 15 au 30, kulingana na kampuni, anadai fidia. Akiacha kazi katikati ya mwaka, anarudisha tiketi na kupewa sehemu ya fedha yake.

Hiace ya abiria haiendeshwi hivyo. Inaendeshwa kwa hesabu, yaani kiasi cha fedha ambacho mwenye gari anadai kila siku. Tajiri anamkabidhi dereva gari, jioni anataka hesabu yake, mafuta yanatoka kwa dereva, na kinachobaki ndicho riziki ya dereva na konda. Siku dereva akiumwa, anaingia dei waka, dereva wa kibarua cha siku, ambaye hakujui. Kwa hiyo ukimpa konda nauli ya mwezi mzima tarehe 1, ile fedha inakwenda kwenye hesabu ya siku hiyo na ya kesho yake. Ikifika tarehe 15 wewe umekaa kwenye kiti ambacho, kwa macho yake, hakijalipiwa. Hana ubaya; analazimika kutafuta hesabu ya leo kwa abiria wa leo. Jirani yangu mmoja alilipa mwezi mzima kwa mkono, konda akabadilishwa wiki ya pili, na yule mpya akamwambia, “Dada, mimi sijapokea kitu.” Alilipa upya hadi mwisho wa mwezi. Niliumia sana kwa ajili yake, maana ile fedha aliibana kwenye chakula.

Ndiyo maana kwetu msafiri analipa kwa mwezi, lakini gari linalipwa kwa wiki. Katikati kuna mfuko wa kikundi. Mshahara ukitoka, unaweka nauli yako yote ya mwezi kwenye mfuko kabla haijagusa kitu kingine. Hapo umeshanunua pasi yako, na hata ukifika tarehe 20 mfukoni hamna kitu, kazini utafika. Mfuko nao unamlipa mwenye gari kila Jumamosi jioni kwa siku sita zilizopita. Yeye anapata fedha ya uhakika kila wiki, na kama gari halikuja Jumatano, Jumamosi hiyo Jumatano hailipwi. Hakuna wa kumdai wala wa kugombana naye.

Kikundi kisizidi viti ambavyo gari linaweza kuwapa bila kuwatupa wengine. Watu 8 hadi 10 wanatosha kwa Hiace. Muwe mnaotoka wakati mmoja, kituo kimoja. Wafanyabiashara wanaokwenda mjini siku wanazotaka hawafai kuingia, si kwa ubaya, bali hesabu haitakaa sawa. Fedha isikae kwenye simu ya mtu mmoja. Tumieni M-Koba, huduma ya simu ya kuweka fedha za kikundi, au akaunti ya kikundi ambayo fedha haitoki bila watu wawili kuthibitisha. Mweka hazina aandike kila Jumamosi kwenye kundi la WhatsApp: zimeingia ngapi, zimelipwa ngapi, zimebaki ngapi, na picha ya ujumbe wa muamala. Mimi hufanya hivyo hata wiki ambayo hakuna aliyeuliza. Juu ya nauli, kila mmoja aongeze asilimia 10 kama akiba ya dharura. Siku gari likiharibika saa 12 asubuhi, akiba hiyo ndiyo inayokodi michomoko miwili, na mkifika kazini kwa wakati hakuna mtu anayelalamikia ile asilimia 10. Isipotumika, inarudi kwa wenyewe mwisho wa mwaka.

Mazungumzo na gari yafanyeni na tajiri, dereva akiwepo. Siyo konda peke yake, na siyo dereva kwa siri. Nendeni wawili, mmoja awe mtu mzima anayeheshimika mtaani, na mwende jioni akiwa ametulia. Salamu kwanza, habari za nyumbani, halafu mnasema mlichofuata: “Shikamoo mzee. Sisi ni abiria wako wa kila siku. Tunataka kukuhakikishia viti kumi kila asubuhi na kila jioni, fedha yako unaipata Jumamosi kwa pamoja.” Nyamazeni, mwacheni yeye aongee.

Msidai punguzo kubwa. Hili nalisisitiza kwa sababu vikundi vingi vinavunjika hapa. Dereva akibanwa sana kwenye bei, siku ya mvua ambapo kituoni kuna watu 50 atawapita. Dai mambo ambayo hayamgharimu lakini kwako yana thamani: gari liondoke saa 12 na dakika 10, lisikatishe ruti jioni, na mpewe nafasi zenu bila kusukumana. Punguzo likiwepo, liwe dogo na rahisi kukumbuka. Kwetu tulikubaliana kwamba wiki mbili zina siku 12 za safari na tunalipia 11. Kwa mfano ule wa 2,400 kwa siku, kila mmoja anaokoa 2,400 kila wiki mbili. Ni fedha ya mboga ya siku moja, na haijamwumiza mtu.

Hofu ya dereva ni kiti kitupu, kwa hiyo mwondoleeni. Anayejua kesho hasafiri aseme kabla ya saa 3 usiku, kiti chake kinauzwa kwa abiria mwingine na yeye halipi. Asiposema, kiti kinalipiwa.

Kisha andikeni. Karatasi moja inatosha, na tajiri na wawakilishi wenu wawili watie saini. Ya kwetu inasomeka karibu hivi:

“Gari namba (taja namba kamili) litapakia kikundi cha abiria kumi kituo cha Usagara saa 12:10 asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi, na kuwarudisha kutoka mjini saa 11:30 jioni hadi Usagara bila kukatisha ruti. Malipo yatafanywa kila Jumamosi jioni kwenye namba ya mwenye gari. Siku ambayo gari halikufanya kazi, haitalipwa. Gari likipata hitilafu, dereva atatoa taarifa kabla ya saa 11:30 asubuhi. Dereva au konda akibadilika, mwenye gari atamjulisha mpya kuhusu makubaliano haya. Wanafunzi walioko kituoni hawataachwa kwa ajili ya kikundi. Upande wowote unaweza kuacha kwa kutoa taarifa ya wiki mbili.”

Kile kipengele cha wanafunzi tulikiweka sisi wenyewe. Mtoto anayelipa nauli ya mwanafunzi ndiye wa kwanza kuachwa kituoni gari likiwa na uhakika wa viti vilivyolipiwa, na nisingeweza kukaa kwenye kiti changu nikimtazama mtoto wa sare ameshika madaftari pembeni ya barabara wakati nimeshiriki kumfungia mlango. Nakuomba nanyi mkiweke.

Jambo la sheria ni fupi lakini lisikupite. Mnachopanga na daladala ni saa na viti. Njia na vituo vinabaki vile vilivyo kwenye leseni yake. Mkitaka kukodi gari zima kwa ajili yenu tu, liwe na leseni ya LATRA ya kazi hiyo na bima inayohusu abiria wa kulipa. Noah ya jirani ina viti vizuri na bei nzuri, lakini kama imekatiwa bima ya gari binafsi, siku ya ajali mnaweza kubaki na majeraha yenu na karatasi isiyolipa kitu. Ombeni kuona bima kwa macho, na angalieni tarehe yake ya mwisho.

Kuna mlango mwingine ambao wengi hawaugongi: mwajiri. Waajiri wengi wa Uingereza humkopesha mfanyakazi bei ya tiketi ya mwaka bila riba na kumkata kidogo kidogo kwenye mshahara. Huku si lazima iwe ya mwaka. Mfanyakazi mpya aliyeanza tarehe 5 hana nauli ya kumfikisha tarehe 25, na hapo ndipo anapoanza kukopa kwa riba mtaani. Mwombe bosi advansi ya nauli peke yake, kwa maandishi, ukionyesha hesabu yako ya siku na namba ya mfuko wa kikundi ambako fedha itaingia moja kwa moja. Bosi anayeona fedha inakwenda kwenye nauli kweli, na kwamba mtu wake atafika saa 1 na nusu, ana sababu ya kukubali. Bosi wangu aliniuliza maswali matatu tu, akasaini.

Kero zikizidi, usiishie kugombana mlangoni mwa gari. Andika namba ya gari, saa, kituo, na kilichotokea: limezidisha nauli, limekatisha ruti, limekataa mwanafunzi. Piga namba ya bure ya LATRA au nenda ofisi yao ya mkoa ukiwa na maelezo hayo. Lalamiko lisilo na namba ya gari halina pa kuanzia. Lalamiko moja lenye majina ya watu kumi wanaosafiri kila siku lina uzito kuliko simu kumi za hasira. Pia LATRA hukusanya maoni ya wananchi kabla ya kubadili nauli, na lipo baraza la watumiaji wa usafiri wa ardhini, LATRA CCC. Wenye magari huhudhuria vikao hivyo wakiwa na hesabu zao za mafuta na matairi. Sisi abiria tuhudhurie na hesabu zetu.

Tangu Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni 2025, magari ya Sengerema na Geita hayasubiri tena kivuko, na njia panda yetu ina gari nyingi zaidi. Baadhi huwa na kiti kitupu kimoja au viwili. Zinafaa kama akiba ya dharura. Usizitegemee kwa saa ya kazi, kwa sababu hazina wajibu wa kusimama kwako.

Halafu kuna reli. Reli ya zamani ilifika Mwanza mwaka 1928 na inapita Fela. Jiwe la msingi la SGR, reli mpya ya kisasa, ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, liliwekwa palepale Fela Juni 2021. Kila anayeamka saa 10 usiku huku kwetu ameshajiuliza kama siku moja atapanda treni kwenda kazini. Inawezekana. Dar es Salaam treni za mjini zilianza Oktoba 2012 kwenye reli zilizokuwepo tayari. Lakini treni ya safari ndefu haigeuki kuwa treni ya wafanyakazi kwa kupita tu karibu na nyumba zetu. Inatakiwa ipangwe, na wakati wa kusema ni sasa, kabla ratiba na nauli hazijawekwa.

Ukipata nafasi ya kutoa maoni, iwe kwenye kikao cha kijiji, kwa diwani au kwa LATRA, sema mambo yanayopimika. Treni ya asubuhi ifike mjini kabla ya saa 1 na nusu, na ya jioni isiondoke kabla ya saa 11 na nusu. Pasi ya mwezi ipigwe bei kwa siku 20 za safari, isiwe 26. Aliyeacha kazi au kuugua arudishiwe siku zilizobaki. Na pasi ya wiki iwepo yenye unafuu uleule wa ya mwezi, kwa ajili ya kibarua wa ujenzi na mama anayechukua dagaa mwaloni Kirumba, ambao fedha ya mwezi mzima kwa mkupuo hawawezi kuwa nayo mkononi, na ambao bila hiyo watakuwa wanalipa bei ya juu kuliko sisi wenye mshahara.